Hewa ya Tanuri: Kiungo Kinachosahauliwa

Mchoma mkaa hupanga magogo yake, akayafunika kwa majani na udongo, akaacha matundu machache, kisha akawasha moto. Kwa siku kadhaa hulizunguka tanuri lake kama mlinzi, akiziba ufa hapa na kufungua tundu kule. Udongo ukibomoka usiku naye amelala, asubuhi hukuta majivu. Magogo ni yale yale, moto ni ule ule, na siku zilizopita ni zile zile. Kilichobadilika ni hewa tu. Hewa kidogo ingalimpa mkaa. Hewa tele imempa majivu.

Somo hili, ambalo mchoma mkaa hulijua pasipo kufundishwa darasani, aghalabu hukosekana katika mafunzo ya metali shuleni. Mwanafunzi huambiwa kwamba metali ikipashwa joto kwa halijoto fulani na kwa muda fulani hubadilika tabia: hulainika, au huwa ngumu, au hushikamana na metali nyingine. Halijoto huandikwa daftarini. Muda nao huandikwa. Lakini hewa iliyoizunguka metali hiyo haitajwi, kana kwamba tanuri ni chumba kisicho na kitu ndani yake.

Makala haya yanashikilia rai moja: hewa ya tanuri ni kiungo cha metali, kama ilivyo nikeli au aluminiamu iliyomo ndani yake, na haipasi kuachwa nje ya daftari la mwanafunzi wala nje ya cheti cha kiwanda. Ushahidi wa rai hiyo waweza kutolewa kwa mifano mingi. Mfano ulio bora pengine ni ule wa tando za metali zinazokinga mapanga ya turbini za gesi, kwa sababu huko kosa dogo la hewa huonekana wazi, na gharama yake ni kubwa.

Utando mwembamba, kazi nzito

Mwaka 1939 turbini ya gesi ya kwanza iliyojengwa kwa ajili ya kituo cha umeme wa umma ilifanyiwa majaribio nchini Uswisi, na kituo chake kilikuwa katika mji wa Neuchâtel. Uwezo wake ulikuwa megawati 4, na gesi iliyoingia katika turbini ilikuwa na joto la takriban nyuzi 550 za Sentigredi. Tangu wakati huo wahandisi wamepandisha joto hilo mwaka hadi mwaka, kwa sababu kadiri gesi inavyokuwa na joto zaidi ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nishati ya mafuta inavyogeuzwa kuwa umeme au mwendo. Leo zipo turbini ambazo gesi huziingia ikiwa na joto linalozidi nyuzi 1,500.

Sasa na itazamwe namba nyingine. Nikeli, ambayo ndiyo msingi wa aloi za mapanga hayo, huyeyuka kwa nyuzi 1,455. Maana yake ni kwamba panga la turbini huzunguka ndani ya gesi yenye joto kupita lile ambalo metali yake mama ingeyeyuka. Mambo mawili huliokoa. La kwanza ni hewa ya kupoza, ambayo hupitishwa katika njia nyembamba zilizochongwa ndani ya panga lenyewe. La pili ni tando za kinga zinazolifunika kwa nje.

Utando wa nje kabisa mara nyingi ni wa kauri, na kazi yake ni kuzuia joto lisipenye upesi. Chini ya kauri hiyo hulala utando wa metali wenye unene wa kama mikromita 100 hadi 200, yaani kama karatasi moja au mbili za daftari. Utando huu ni aloi ya nikeli au kobalti, au zote mbili, iliyotiwa kromiamu, aluminiamu ya kama sehemu 8 hadi 12 katika kila 100, na itriamu isiyofika sehemu 1 katika 100. Ndio huu unaozungumziwa katika makala haya.

Kazi yake kuu ni ya ajabu kidogo. Utando huo hauwekwi ili upigane na moto kwa mwili wake wenyewe. Huwekwa ili aluminiamu iliyomo ndani yake ipande juu, iungane na oksijeni, na kuotesha gamba jembamba la oksaidi ya aluminiamu, ambayo huitwa alumina. Gamba hilo lina unene wa mikromita chache tu, lakini alumina huyeyuka kwa nyuzi 2,072, na oksijeni hupenya ndani yake kwa taabu kubwa. Kutu ya chuma huvimba na kupukutika, ikaacha chuma kipya wazi ili kiliwe tena. Alumina nzuri hutulia mahali pake na kufunga mlango. Likipata mkwaruzo, gamba hilo huota upya, maadamu aluminiamu bado imo ghalani. Kwa hiyo gamba ndilo ngao, na utando wa metali ni ghala ya kulilisha.

Nguvu za aina tatu

Mwanafunzi akisikia neno "nguvu ya metali" huenda akafikiria fimbo inayovutwa hadi ikatike. Kwa utando unaofanya kazi katika joto kali, nguvu ina sura tatu, na zote tatu hazina budi kuwapo pamoja.

Ya kwanza ni nguvu ya utando wenyewe, yaani jinsi sehemu zake zilivyoshikana ndani kwa ndani. Metali yenye joto kali inayobeba mzigo hunyumbuka polepole, saa baada ya saa, hata kama mzigo huo ni mdogo. Utando wenye nyufa na matundu hunyumbuka na kupasuka mapema zaidi. Ya pili ni nguvu ya mshikamano kati ya utando na panga lililo chini yake. Ya tatu ni nguvu ya mshikamano kati ya utando na gamba la alumina lililo juu yake.

Nguvu hii ya tatu ndiyo inayojaribiwa vikali kila mtambo unapozimwa. Hesabu yake ni nyepesi. Fimbo ya aloi ya nikeli yenye urefu wa mita 1, ikipoa kwa nyuzi 1,000, hupungua kwa kama milimita 15. Fimbo ya alumina yenye urefu huo huo hupungua kwa kama milimita 8 tu. Gamba na metali vimegandana, hivyo haviwezi kupungua kila kimoja kwa kiasi chake. Metali iliyo nene hulishinda gamba lililo jembamba na kulibana. Mbano huo, ukipigiwa hesabu, hufikia kiasi cha gigapaskali 3, yaani takriban mara 30,000 ya kanieneo ya angahewa, kanieneo ikiwa ni kani inayosukuma kila kipande cha eneo. Gamba safi lililoshikamana vizuri hustahimili. Gamba lenye vishimo chini yake, au lililochanganyika na oksaidi dhaifu za metali nyingine, hubanduka, na kauri iliyo juu yake hubanduka pamoja nalo.

Ni kitu gani basi kinachoamua kama nguvu hizo tatu zitakuwapo au la? Viungo vya aloi vina sehemu yake, na ustadi wa kuupaka utando una sehemu yake. Lakini sehemu kubwa huamuliwa ndani ya tanuri, kabla panga halijauona moto wa turbini hata mara moja.

Tanuri nne, matokeo manne

Njia mojawapo ya kupaka utando ni kupuliza poda ya aloi ndani ya mwale wenye joto kali sana. Chembe za poda huyeyuka, huligonga panga, na kutandazika kama matone ya uji yadondokayo sakafuni. Tone hulala juu ya tone, na tabaka juu ya tabaka. Utando unaopatikana hivi hufanana na ukuta wa matofali yaliyopangwa bila udongo wa kutosha: katikati ya tone na tone hubaki matundu, na iwapo kazi ilifanyika hewani, hubaki pia utando wa oksaidi.

Kwa sababu hiyo panga huingizwa tanurini. Kawaida moja iliyozoeleka ni nyuzi 1,080 kwa muda wa saa 4. Joto huzipa atomu uhuru wa kutembea, zikavuka mipaka ya matone na kuyaunganisha, na zikavuka pia mpaka kati ya utando na panga. Halijoto na muda vimeandikwa. Na ifikiriwe sasa kwamba mapanga manne yenye utando wa aina moja yamepelekwa katika tanuri nne, zote zikiwa na nyuzi 1,080, zote kwa saa 4, lakini kila moja na hewa yake.

Tanuri la kwanza lina hewa ya kawaida. Katika utando wenye matundu, oksijeni hupenya hadi ndani na kuikuta mipaka ya matone. Pale pale ambapo atomu za metali zingeshikana mikono, oksaidi huota na kuzitenga. Kilichokusudiwa kuwa kiungo huwa ukuta. Zaidi ya hayo, aluminiamu ya ghala huliwa ndani ya matundu, ambako gamba lake halimkingi mtu. Juu ya uso nako nikeli na kromiamu hupata nafasi ya kuoksidika pamoja na aluminiamu, hata gamba likawa mchanganyiko usio na mshikamano mwema. Panga hilo limepashwa joto kama ilivyoagizwa, lakini limetoka dhaifu.

Tanuri la pili lina nitrojeni. Vitabu vingi vya shule huiita nitrojeni gesi isiyopenda kutenda, na katika joto la kawaida maneno hayo ni kweli. Lakini kwa joto la tanuri hili aluminiamu na kromiamu huweza kuungana nayo na kufanya nitraidi. Aluminiamu iliyofungwa katika nitraidi haipatikani tena kwa ajili ya gamba. Gesi iliyokuwa bubu darasani hupata ulimi tanurini.

Tanuri la tatu lina argoni, ambayo kwa hakika haitendani na metali hizi. Hapa mtu angedhani kwamba mashaka yamekwisha. Lakini na ihesabiwe. Argoni inayouzwa kwa usafi wa asilimia 99.999 ina sehemu 10 za gesi nyingine katika kila sehemu milioni 1. Ikiwa tanurini kwa kanieneo ya angahewa moja, gesi hizo ngeni zina kanieneo ya sehemu 1 katika 100,000 ya angahewa. Tanuri la nne, ambalo hewa yake imefyonzwa na pampu hadi kufikia ombwe zuri la kiwandani, huweza kuwa na kanieneo ya sehemu 1 katika milioni 100 ya angahewa. Basi tanuri lililojazwa argoni hiyo "safi" lina gesi ngeni mara 1,000 kuliko tanuri lenye ombwe. Hesabu hii haisemi kwamba argoni ni mbaya, kwani hutumika kwa mafanikio mahali pengi. Husema tu kwamba neno "safi" halitoshi. Linahitaji namba nyuma yake.

Tanuri la nne, la ombwe, ndilo linalopendwa na mafundi wengi wa tando hizi, na si bila sababu. Oksijeni ikiwa chache kiasi hicho, matone huungana vizuri, matundu madogo huanza kujifunga, na aluminiamu hubaki ghalani. Hata hivyo, ombwe si utupu. Katika kanieneo iliyotajwa, kila sentimita moja ya ujazo, ikipimwa katika joto la chumba, bado ina molekuli zaidi ya bilioni 200. Ombwe nalo ni hewa, ila ni hewa haba, na tabia yake hutegemea ni molekuli za nini zilizosalia.

Oksijeni: adui au mwenzi?

Kutokana na hayo, msomaji aweza kukata shauri kwamba oksijeni ni adui, na kwamba kadiri inavyofukuzwa ndivyo utando unavyokuwa na nguvu. Shauri hilo ni la haraka, na ndilo kosa ambalo makala haya yangependa kulizuia. Bila oksijeni hakuna alumina, na bila alumina hakuna ngao. Swali la kweli ni kiasi gani cha oksijeni, na wakati gani.

Mwaka 1944 mkemia Harold Ellingham alichapisha mchoro unaoonyesha jinsi kila metali inavyoishika oksijeni yake katika kila halijoto. Kutokana na elimu hiyo huwezekana kukadiria kanieneo ndogo kabisa ya oksijeni inayohitajika ili metali ioksidike. Kwa nyuzi 1,000, nikeli huhitaji takriban sehemu 1 katika bilioni 10 ya angahewa. Chini ya hapo nikeli hubaki inang'aa. Kromiamu huoksidika hata kwa kanieneo ndogo kupita kiasi, ambayo kuiandika kunataka 1 igawanywe kwa 1 yenye sifuri 22. Aluminiamu huhitaji kidogo zaidi ya kidogo: 1 igawanywe kwa 1 yenye sifuri 35. Metali hizo zikiwa zimechanganywa katika aloi namba hubadilika kwa kiasi, lakini mpangilio wake haugeuki.

Maana ya namba hizo kwa fundi ni kubwa. Baina ya nikeli na aluminiamu pana uwanja mpana mno. Fundi akiweza kuiweka oksijeni ya tanuri ndani ya uwanja huo, kwa mfano kwa kutumia haidrojeni yenye mvuke wa maji uliopimwa, nikeli haitaguswa, ilhali aluminiamu itaendelea kuota gamba lake. Gesi ya tanuri imefanya kazi ya hakimu: imeruhusu metali moja na kuikataza nyingine. Katika hewa ya kawaida hakimu huyo hayupo, na kila metali hujitwalia.

Liko pia jambo la sura ya alumina yenyewe. Alumina huweza kuota katika miundo zaidi ya mmoja. Ule ulio imara huitwa alfa. Miundo mingine ni ya mpito: huota upesi, huruhusu oksijeni ipenye zaidi, na baadaye hujigeuza kuwa alfa kwa kusinyaa, ikaacha nyufa. Kwa hiyo wataalamu hutafuta joto la kutosha na oksijeni ya kiasi ili alumina ianze moja kwa moja katika muundo wa alfa kabla kauri haijawekwa juu yake. Gamba la kwanza, lenye unene usiofika hata mikromita 1, ndilo linalotengeneza njia ya magamba yote yatakayofuata. Itriamu nayo haiko nje ya shauri hili. Kiasi chake kidogo hulisaidia gamba kushikamana na utando, lakini itriamu huipenda oksijeni kuliko hata aluminiamu, hivyo hewa ya tanuri huchangia kuamua itriamu hiyo itakusanyika wapi.

Kwa upande mwingine, ombwe likizidi nalo lina deni lake. Kromiamu ina tabia ya kutoa mvuke ikiwa na joto kali. Inapofika karibu na nyuzi 1,150, kanieneo ya mvuke wake hufikia kama sehemu 1 katika milioni 10 ya angahewa, ambayo ni kubwa kuliko kanieneo yote ya gesi katika ombwe zuri lililotajwa juu. Metali huanza kutoka usoni na kwenda kuganda katika kuta za tanuri zilizo baridi. Ndiyo sababu mafundi wengine, wakishaifyonza hewa, hurudisha argoni kidogo iliyo safi sana ili kuuzuia mvuke huo. Aliyeuliza tu "je, ni ombwe?" hakuuliza swali lote.

Na ziko metali ambazo kwazo hewa ya kawaida ndiyo hewa bora. Waya wa aloi ya chuma, kromiamu na aluminiamu, unaotumika katika majiko ya umeme na tanuri za maabara, mara nyingi hupashwa joto kwanza hewani, kwa kama nyuzi 1,050 na kwa saa kadhaa, ili uote alumina kabla ya kuanza kazi ngumu. Waya huo ni mnene na mzima, hauna matundu kama utando uliopulizwa. Oksijeni haiwezi kuingia ndani yake ikaharibu. Dawa ya mmoja basi ni sumu ya mwingine, na jina la gesi peke yake halitoi hukumu.

Yapasayo kufanywa

Yuko atakayesema kwamba mambo haya ni ya vyuo vikuu na viwanda vya mbali, na kwamba kidato cha tatu kina mzigo wake tayari. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana muda wa mwalimu ni mchache na vifaa ni haba. Lakini kinachodaiwa hapa hakihitaji ombwe wala itriamu. Kinahitaji kipande cha bati jembamba la shaba.

Bati hilo likunjwe kama bahasha, kingo zake zikabanwa vizuri kwa koleo, kisha lishikwe kwa koleo juu ya mwale wa moto mpaka liwe jekundu kwa joto. Liachwe lipoe kabisa, ndipo likunjuliwe. Upande wa nje utakuwa mweusi kwa oksaidi ya shaba. Upande wa ndani utakuwa bado na rangi ya shaba, isipokuwa karibu na kingo ambako hewa ilipenya. Mwalimu na awaulize wanafunzi: je, upande wa ndani haukupata joto? Ulipata, tena sawa na upande wa nje. Je, haukukaa motoni muda ule ule? Ulikaa. Ndipo mwanafunzi atakapoona kwa macho yake kwamba katika halijoto ile ile na muda ule ule, kipande kimoja cha metali kimetoa majibu mawili, na kwamba aliyeamua ni hewa. Jaribio hilo huchukua chini ya nusu saa. Liambatane na desturi moja ndogo: katika kila jaribio la kupasha kitu joto, daftari liwe na safu tatu, yaani halijoto, muda, na hewa.

Yuko tena atakayeuliza elimu hii ina faida gani mahali ambapo turbini hazitengenezwi. Jibu ni kwamba zinatumika. Mwaka 2004 gesi asilia ya Songo Songo ilianza kuendesha mitambo ya umeme Ubungo, Dar es Salaam, na miaka iliyofuata ikajengwa mitambo ya Kinyerezi. Kila ndege ya jeti inayotua Nairobi, Entebbe au Zanzibar imebeba mapanga yenye kinga za namna hii. Mapanga huchakaa, na kazi ya kuyavua tando za zamani na kuyapaka mpya hufanywa na karakana chache zenye ustadi huo duniani. Mwenye mtambo hupokea panga lililofungwa vizuri pamoja na karatasi. Karatasi hiyo ikisema "limepashwa joto nyuzi 1,080 kwa saa 4" na kunyamaza, haijasema lililo kubwa. Mhandisi aliyezoea safu tatu tangu shuleni atauliza: katika hewa gani? Kwa kanieneo gani? Gesi iliyotumika ilikuwa na usafi gani, na unyevu kiasi gani? Asiyeyajua maswali hayo atalipia jibu lake pale panga litakapobanduka utando kabla ya wakati, na mji ukakaa gizani.

Wala haifai kudhani kwamba fikira hii ni ya kigeni. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambao waliutaja kuwa na historia ya zaidi ya miaka 1,500. Chuma hakitoki katika mawe yake kwa joto peke yake. Mkaa uliomo tanurini hauna budi kutoa monoksaidi ya kaboni, gesi ambayo huyanyang'anya mawe hayo oksijeni yake. Mvukuto ukipuliza kupita kiasi, chuma huungua tena. Ukipuliza pungufu, moto hauwaki vya kutosha. Wahunzi hao hawakuwa na mchoro wa Ellingham, lakini mikono yao iliongoza jambo lile lile ambalo mchoro huo umekuja kulieleza kwa namba.

Jambo linalotakiwa, basi, ni kwamba ujuzi uliokuwa mikononi mwa mhunzi na mchoma mkaa uingie katika daftari la mwanafunzi kwa lugha ya kipimo. Wenye kutunga mihtasari ya masomo na wafikirie kuongeza sentensi moja: kwamba hewa inayoizunguka metali motoni ni sehemu ya matendo ya kemia, wala si mandhari yake. Watungaji wa mitihani, wanapotoa swali juu ya metali iliyopashwa joto, na waitaje hewa hiyo, au wamtake mtahiniwa aitaje. Na mwalimu ambaye hana mhtasari mpya wala kitabu kipya, lakini ana mwale wa moto na kipande cha shaba, aweza kuanza juma hili.